Kosa la Jumanne

Kuifundisha mashine kushinda sataranji
hakukunichukua muda. Kushinda ni hesabu,
na hesabu haichoki, hata usiku wa Machi, Tukuyu,
mvua ikihesabu mabati pamoja nami.
Kazi ilikuwa kuifundisha kushindwa.

Nikaiandikia hivi: katika kila hatua kumi
tisa cheza kwa akili, moja kwa bahati nasibu.
Nikaona nimemaliza. Nikachemsha chai.

Jumamosi nikaifunga ndani ya mfuko wa mbolea,
nikapanda nayo kwa miguu hadi shuleni Bujela.
Ipyana, miaka kumi na mmoja, soksi moja ya kijani,
akaketi mbele ya kioo.
Hatua kumi na nane mashine ilicheza kama jaji.
Ya kumi na tisa ikamshika malkia wake
ikamweka mdomoni mwa askari, hivi hivi,
kama tajiri anayeangusha noti
ili akuone unavyoinama.

Mtoto hakumla yule malkia.
Alifunga kifuniko, taratibu,
akasema: "Mwalimu, inanidharau."

Kuteleza si kuanguka, tunaambiwa.
Hii haikuteleza. Ilijibwaga chini macho makavu,
ikainuka, ikaendelea kutembea wima.

Basi nikaiacha kabatini, nikafungua daftari.
Wiki sita nilikaa nyuma ya darasa
nikiokota makosa kama mtu aokotavyo uyoga:
kwa kuinama, na kwa kujua huota wapi.

Tusajigwe haoni upande wa kushoto wa ubao,
maana kushoto kuna dirisha, dirishani kuna njia,
na kwa njia ile mama yake hurudi kutoka sokoni
saa asiyoijua mtu.
Lugano hamtoi farasi. Atatoa ngome zote mbili,
atamtoa hata mfalme kama ingeruhusiwa;
nilipomuuliza, alinijibu tu: "Ana shingo."
Atupele akishanusa ushindi huinuka kwenye kiti,
na hapo alipoinuka ndipo anapoliwa.
Saa sita kasoro, makande yakinukia jikoni,
shule nzima hucheza haraka na vibaya.
Na Ipyana? Ipyana huhesabu vizuri,
hatua tatu mbele, midomo ikichezacheza,
kisha husahau
kwamba askofu hurudi nyuma pia.

Sikuona kosa lililotoka hewani.
Kila moja lilikuwa na mama yake:
woga, uroho, njaa, shingo ya farasi.
Nikafuta yale maneno, bahati nasibu.
Mahali pake nikaandika macho yanayochoka.
Nikaandika kipande kinachopendwa kuliko haki.
Nikaandika furaha inayowahi mno.
(Msiombe kuuona msimbo wenyewe. Umejaa viraka,
na umeme ukikatika, nao hukata tamaa.)

Mei tulirudi mbele ya kioo.
Walicheza mpaka ukungu wa Rungwe
ukaingia darasani bila kupiga hodi
na wengine wakaenda kuchunga.
Mashine ilishambulia kulia, kwa pupa ya kweli,
ikahesabu moja, mbili, tatu,
ikamsahau askofu.

Ipyana akakitazama kioo kitambo kirefu.
Nikadhani atakifunga tena.
Akaila ngome,
bila kushangilia, bila kunitazama,
kisha akaigusa kompyuta begani,
kama kwamba kompyuta ina bega,
akasema: "Pole."

Sikumwambia kitu.
Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti langu,
na ndani yake, kwa kalamu nyekundu, na saa yake,
kosa lile lile: lake,
la Jumanne.