Kiwango Nafuu

Dirisha la kumi na saba, Posta Kuu,
ndipo nilipojua kwamba kukosa faida
ni jambo la kuombewa kibali.

"Shirika lenu halina faida?"
"Halina."
"Thibitisha."

Nikamjazia kaunta Bwana Muthengi:
cheti cha usajili kilichoingia manjano pembeni,
hesabu za miaka mitatu, zilizokaguliwa na mpwa wa mweka hazina
(kalamu yake ilivuja mwezi wa Agosti),
na salio la benki, shilingi mia nne na kumi na mbili.
Akalitazama salio kama daktari atazamavyo ulimi.
"Hapa," akasema, "nimeridhika."

Jarida letu ni Kipenga.
Kurasa kumi na sita, mara nne kwa mwaka,
la wastaafu wa reli.
Mimi ndimi mhariri, kwa kuwa nilikuwa karani wa tikiti
na nimezoea kubana maneno mahali padogo.
Swaleh hutuchapia River Road,
kwa mashine inayokohoa kila ifikapo ukurasa wa tisa.
Ndani yake: nani katolewa mtoto wa jicho,
nani kamwoza binti, pensheni imekwama ofisi gani,
na mafumbo ya Obara
ambayo majibu yake hayajui hata Obara.

Tunalikunja Makongeni, chumba cha nyuma cha kanisa,
wino vidoleni, chai ya rangi imepoa.
Andeso hupanga bahasha kwa vituo, akivitaja:
Athi River, Sultan Hamud, Makindu,
Kibwezi, Mtito Andei, Voi.
Akikaribia Maungu hupunguza mwendo
bila kujua.

Muthengi akageuza jarida, akaona mgongo wake:
MAJENEZA YA OCHOLA, KALOLENI. BEI YA MWANACHAMA.
Akatoa rula. Kweli, rula ya mbao ya shule.
"Tangazo likizidi robo, hilo si jarida. Ni duka."
Akapima urefu, akapima upana,
akazidisha pembeni mwa gazeti la jana.
Foleni nyuma yangu ikashusha pumzi kwa pamoja.
"Mmepona kwa nusu sentimita."

Ikabaki orodha. Majina mia mbili na sita.
Kila jina liwe limelipa ada, na liwe hai.
Fomu haikusema hai;
hilo aliliongeza mwenyewe.

"Zakayo Mwadime, Sanduku la Posta tisa, Taveta.
Ada yake ya mwisho, elfu mbili na kumi na moja."
"Alifariki."
"Na bado anasoma?"
"Mjane wake husoma. Huanza na mafumbo."
"Basi aandikwe mjane."
"Hataki. Tulimwandikia mara mbili.
Anasema pale posta ya Taveta
ndipo mahali pekee wanapomwita bado mumewe
kwa jina lake lote."

Akatua rula.
Wa namna hiyo walikuwa kumi na mmoja.
"Sheria ni msumeno, mzee.
Wafute, nigonge mhuri."
Na mhuri ulikuwa umeshanyanyuliwa,
unang'aa wino, unangoja mkononi mwake
kama bendera ya kijani.

Nikaomba kalamu.
Nikawafuta, mmoja mmoja, mstari mnyoofu,
kwa mkono uleule uliowakatia tikiti za likizo.
(Andeso hajui. Asimwambie mtu.)
Mhuri ukashuka. Kiwango nafuu, mwaka mzima.
Majina mia moja tisini na tano yakapita kwa bei ya mchicha.

Kisha nikarudi mwisho wa foleni.
Nilipofika tena dirishani nilikuwa na bahasha kumi na moja
na noti niliyokuwa nimeiweka ya dawa ya presha.

"Hizi nazo?" akauliza Muthengi.
"Hizi bei kamili."
"Za shirika?"
"Hapana. Hizi," nikasema, "ni za faida."

Akanitazama kidogo.
Akaweka ya kwanza kwenye mizani. Taveta.
Akapima zote, moja moja,
na hakunipunguzia hata senti.