Safu ya Tano

Marehemu Chiloleti aliiendesha mashine kwa moyo.
"Moyo umeniambia," akasema, na magunia mia ya alizeti
yakashushwa Kibaigwa, nyuma ya soko la mahindi.
Mwaka mmoja moyo ulisema kweli.
Miaka miwili ulinyamaza.
Akaniachia mashine, deni la benki,
na daftari la kaunta lenye kurasa nne za majina
ya waliokopa, bila tarehe.

Nikapiga mistari kwa mpini wa ufagio.
Magunia yaliyoingia. Lita zilizotoka. Mashudu kwa kilo.
Umeme, kila tokeni ya Luku.
Kila jioni, kalamu ikiteleza kwa mafuta, niliandika,
hata siku tuliyouza lita tatu.
Hasa siku hiyo.

Shemeji Ndahani alicheka: "Unahesabu nini?
Mafuta si yanaonekana?"

Yanaonekana. Ndiyo maana yalinidanganya.
Juni kila mtu anakamua,
madumu yanapangwa kando ya lami, bei inalala chali.
Lakini safu ya tatu, niliyoijaza kwa adabu tu,
yale mashudu niliyompa jirani bure, ya nguruwe wake,
Oktoba iliinuka kama ng'ombe aliyenusa maji:
Kongwa vumbi, Mpwapwa nyasi zimekwisha,
na mfugaji haulizi mafuta.

Ndahani alitaka mashine ya pili.
Daftari likasema ya kwanza hulala miezi saba.
Nikajenga ghala.
"Shemeji anawajengea makapi nyumba!"
Kilabu kizima kikaangua kicheko.
Usiku nikazisoma namba upya, kwa tochi, tumbo likinikata.
Zenyewe hazikuogopa.
Zenyewe hazidaiwi.

Kuna jambo sikuliuliza, daftari likaniambia:
yule wa shati la mikono mirefu, tunayemwita Bosi,
mikopo tisa, amelipa mitatu.
Bibi Mazoya wa chupa ya nusu lita
huchelewa hadi siku ya mnada, auze kuku,
kisha hulipa. Kila mara. Tarehe zipo.
Sasa najua nani nimpe kiti.

Oktoba yalikuja malori mawili.
Ndahani mwenyewe alisimama kwenye mizani,
akasoma kilo kwa sauti, nami nikaandika.
Hakuna aliyetaja makapi.

Safu ya tano sijaipa jina.
Humo naandika: *Upepo umegeuka.*
*Mjukuu wa Mazoya anaumwa.*
*Dereva kasema Singida wamelima kidogo.*
Na Machi, sijui kwa nini:
*Mvua imekatika mapema. Chiloleti angesemaje?*

Mwisho wa mwezi napiga mstari chini ya safu nne,
najumlisha.
Ya tano naiacha wazi,
na ndiyo ninayoisoma kwanza.