Vumbi Halikai kwa Mstari

Siku ya uchaguzi wa chama cha wahandisi wa ndege
Somoe Nantumbu aliiacha ovaroli msumarini
akaja na gauni la kitenge, hotuba kaikunja mfukoni,
ila kalamu na tochi ndogo hakuziacha.
Wenzake walikwisha kumwambia: mwenyekiti ni wewe,
fika tu Dar, keti mbele, uonekane.
Tiketi yake ilikuwa ya ndege ya saa nne,
ileile iliyolala kwetu Mtwara
na ambayo alfajiri mimi niliikagua.

Niliikagua. Naliandika neno hili mkono ukisita.
Niliuzunguka mguu wa kushoto, nikaushika,
nikaona vumbi la salfa limetanda kwenye chuma.
Ilikuwa Julai, mikorosho ya Naliendele inapuliziwa,
na upepo hauombi ruhusa getini.
Nikafuta kwa kitambaa, nikasema: safi.

Hakuja kunisahihisha. Alikuja kuaga.
Lakini jicho lile halikuwahi kuomba likizo;
likainama pale nilipofuta, kitenge kikiburuta lami.
"Nangomwa, hapa umefuta nini?"
"Vumbi, mama."
"Vumbi halikai kwa mstari."

Nikaleta makopo. Rangi nyekundu kwanza,
tukaiacha inywewe. Tukafuta mpaka chuma kikang'aa,
hakuna kitu, naapa, hakuna kitu.
Kisha unga mweupe, mwepesi kama poda ya mtoto.
Tukangoja.
Rubani akatazama saa. Meneja wa kituo akatazama saa.
Ukumbini abiria arobaini na wawili:
mnunuzi wa korosho na simu zake tatu,
bibi wa Newala anayekwenda kutolewa mtoto wa jicho,
kijana na ndoo ya ming'oko ya shangazi yake.
Na katika weupe ule, taratibu,
kama damu inavyoitafuta bandeji,
mstari.
Hauzidi kucha kwa urefu, unywele kwa unene.

Meneja akasogea, sauti ya chini, ya kindugu:
"Injinia, si na wewe ni abiria?
Saini, twende zetu. Dar wataliangalia.
Mkutano haukungoji."
Akachomoa kalamu. Ikatoka na hotuba,
ukurasa wa kwanza ukaangukia penye mafuta.
Niliusoma bila kutaka:
Ndugu wajumbe, saini yetu
na hapo mafuta yakameza.
Hakuuokota. Kwenye kitabu cha ndege akaandika
kwa herufi kubwa: HAIRUKI.

Kipuri, wakasema, kitafika kesho.
Abiria walimsema, na si kwa kunong'ona.
Mnunuzi alihesabu kwa sauti hasara ya kila saa.
Bibi wa Newala ndiye aliyekuja mpaka uzioni,
akashika waya, akauliza:
"Mwanangu, inaumwa wapi?"
"Mguu, bibi."
"Hata mimi," akasema, akarudi kuketi.

Saa kumi jioni simu ikalia.
Akidi ni wajumbe thelathini. Waliofika, ishirini na tisa.
Hakuna kura, hakuna mwenyekiti,
mkutano umeahirishwa, na wapo waliokasirika sana.
Somoe alicheka hadi akaegemea tairi.
"Basi nao," akasema, "wanangoja kipuri."

Kijana alitupa ming'oko, itachacha bure, alisema.
Tulinawa mara tatu, vidole vikabaki vyekundu,
tukala kwa chumvi, tumeketi kwenye boksi la zana
chini ya bawa la ndege isiyokwenda popote.
Nilingoja anigombeze. Ningependa anigombeze.
Alimaliza kutafuna, akanisogezea kitabu.
"Andika."
"Niandike nini?"
"Kwamba ulifuta."
Nikaandika. Jina langu lilionekana dogo.
"Ulisema safi saa ngapi?"
"Saa kumi na mbili na robo."
"Weka na saa."