Nilificha Jina

Gazeti letu ni kurasa nne, nakala mia tatu,
huchapwa Alhamisi katika stoo ya makaa ya Bi Kordula,
hapa Łódź, nyuma ya kiwanda cha nyuzi kilichogeuzwa maduka.
Juu kabisa, chini ya jina la gazeti, niliandika kwa mkono wangu:
Kila neno lina mwenyewe.
Sikuliokota hewani.
Mwaka wa hamsini na mbili baba yangu alichukuliwa usiku
kwa barua ya mistari sita isiyo na sahihi,
na mama alikufa angali akikagua mwandiko
wa kila kadi ya Krismasi.

Basi barua ile ilipopenyezwa chini ya mlango,
imekunjwa mara nne, ndogo kama tiketi ya tramu,
nilitaka kuichana.

"Bwana Pakulski ameziba matundu ya dohani ghorofa ya nne
apate kujenga vyumba vya wageni darini.
Mwanangu huamka kichwa kizito kama aliyelewa.
Ukinitaja, nitahamia wapi?"

Nilipanda ngazi. Nilibisha. Nilipapasa ukuta.
Fundi wa dohani alikuja na kipimo chake,
kikalia kama mtoto aliyefinywa.
Mficha maradhi, kifo humuumbua: nalijua, nimelelewa nalo.
Lakini mtaja mgonjwa je,
yeye humuumbua nani?

Nikachapa.
Jina nikaliondoa, na namba ya mlango,
na palipoandikwa "mwanangu" nikaweka "mkazi mmoja".
Nikajisifu kimoyomoyo. Nikanywa chai.
Sentensi moja tu niliiacha, kwa kuwa ilikuwa nzuri,
na mimi kwa sentensi nzuri sina nguvu:
asubuhi moja mbwa wake wa miguu mitatu
aligoma kurudi ndani, akalala kwenye theluji.

Mtaa mzima una mbwa wangapi wa miguu mitatu?

Kufikia saa nne duka la mikate lilishajua.
Kufikia jioni Bwana Pakulski alimwinamia mbwa uani,
akamkuna sikio, akamuuliza kwa upole:
"Kumbe mwandishi ni wewe?"

Manispaa ilikuja, matundu yakafunguliwa.
Ghorofa ya nne sasa wanalala madirisha wamefunga.
Mkataba wa yule mama haukuendelezwa.
Sababu haikuandikwa; wapo wanaojua kuandika
bila kuandika.

Zdzich wa buchani akasema: neno la kweli halivai barakoa,
angejitokeza, tungesimama naye.
(Zdzich hajawahi kusimama na mtu, hata kwenye foleni.)
Binti yake akaniuliza jambo gumu zaidi:
"Ulitutaka tukuamini wewe. Wewe ni nani?
Angekuwa mzushi, tungejuaje?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Wote wana haki, na hilo ndilo linalonichosha.

Alipokuja kuniaga alikuwa na funguo mkononi,
za kwenda kurudisha.
Hakukaa. Aliuliza kitu kimoja:
"Sentensi ya mbwa, mbona hukuikata?"
"Ilikuwa nzuri," nikasema.
"Ilikuwa yangu," akasema.

Nimeyafuta maneno yale chini ya jina la gazeti.
Wiki ya tisa hii, pako wazi,
wasomaji wanadhani wino ulikwisha.
Barua zinaendelea kuja. Kila moja naisoma mara mbili:
mara ya kwanza kama jirani,
mara ya pili kama Bwana Pakulski,
kwa jicho lake, nikitafuta mkia unaochungulia nje ya pazia.
Nimekuwa hodari wa kusoma kama yeye. Hilo halinifurahishi.

Nawe uliyefika hapa, usizunguke mitaani
ukihesabu miguu.
Hakuwa mbwa.
Wala haikuwa ghorofa ya nne.
Theluji ilikuwepo, na kipimo kililia,
na kichwa cha mtoto kilikuwa kizito.
Mengine nimeyahamisha mahali, safari hii,
hata yale mazuri.