Mkanda Mmoja, Picha Nne

Dukani kwa Shunpei, ghorofa ya pili, nyuma ya stesheni ya Tomakomai,
kamera tatu zimelazwa juu ya kitambaa cha kijani.
Kila moja ina kikaratasi shingoni, kimefungwa kwa uzi:
Kuvu hakuna. Vumbi kiasi. Shata huchelewa kwenye baridi.
Nasoma vikaratasi kabla sijagusa kitu.
Ndivyo baba alivyonunua farasi:
cheti kwanza, meno baadaye.

Hii ya Kijerumani ni nzito kama deni la ndugu.
Lenzi yake, anasema Shunpei, huhesabu majani ya mti wa ng'ambo.
Mimi nahesabu sifuri za bei.
Ningeuza kigari cha kubebea mwani, na winchi yake,
na bado ningedaiwa filta ya katikati,
kile kioo chenye doa jeusi kama mboni;
usipoivisha lenzi, pembe za picha
huingia usiku jua lingali utosini.

Hii ya Fuji ina vyuma mbele ya lenzi, kama bampa ya lori la magogo.
Lenzi haitoki, haibadilishwi:
uliyefunga naye ndoa ndiye huyo huyo.
Mkanda mmoja, picha nne.
Nne!
Unapiga, unajuta, unapiga,
mara unasikia mkanda umelegea, umekwisha.

Ya tatu lenzi yake hugeuka ndani ya kipipa,
hufagia nchi upande hadi upande
kwa mlio wa cherehani ikimalizia pindo.
Hutoa picha sita. Bei ina huruma. Naipenda,
naiweka chini, naiokota tena.

Shunpei hajui ninachotaka kupiga. Sijamwambia.
Ni uwanja wetu wa kokoto, hatua themanini kutoka banda hadi mwamba,
ambapo mama hutandika kombu alfajiri, utepe kwa utepe,
nyeusi, ndefu, zikimeta kama filamu iliyotoka kuoshwa.
Oktoba wanaanza kujenga ukuta wa zege.
Kaka yangu Yasuji ametia mhuri.
Mimi nilificha wangu kwenye debe la mchele;
kumbe haukuhitajika.

Nilishajaribu kwa kamera ndogo:
picha tano, nikaziunga kwa gundi.
Kila kiungo kilimeza kitu.
Shemeji alipoteza mkono, banda likawa mawili,
mama akatokea mara mbili,
na mara zote mbili ameinama.

Naomba nichungulie dirishani, kwenye maegesho ya magari.
Ndani ya kitazamio cha Fuji naona jambo ambalo hakuna kikaratasi kilichoniambia:
upana hauongezi kitu.
Hukata mbingu, hukata miguu,
hukuachia ule ukanda wa katikati
ambamo watu hufanyia kazi.

Shunpei ananionyesha picha ya mfano ya ile inayogeuka:
paa la stesheni limekuwa upinde.
Nacheka peke yangu. Ukuta wao ungepinda hivi,
ningeutundika sebuleni kwa Yasuji!
Ila tepe za mama nazo zingepinda,
na mama aliwahi kuniamsha usingizini
nikanyooshe utepe mmoja
uliokwenda kombo upana wa kidole.

Basi, Fuji.
Nalipa nusu. Nusu nyingine Novemba, mwani ukishauzwa.
Shunpei ananiongezea mkanda uliopitwa na tarehe,
baridi bado, umetoka kwenye friji karibu na mtindi wake.

Nashuka ngazi nikigawa picha.
Moja ya kombu zikiwa mbichi.
Moja ya uwanja mtupu.
Moja ya mama, akikubali kusimama wima.
Simu inalia.
"Nasikia umenunua kamera pana," anasema Yasuji.
Nyuma yake naisikia winchi, na mtu anayemwita.
"Na mimi nimo?"
"Umo."
"Nisimame wapi?"
"Katikati," namwambia. "Pembeni kuna giza.
Filta sikuinunua."