Ulimi wa Jalada

Jalada la kitabu chake cha hundi ni ngozi bandia,
rangi ya tende iliyosahauliwa mfukoni.
Benki walimpa bure mwaka aliofungua duka la misumari
Langoni, kwenye kona ambapo punda wa saruji hukwama.
Nembo imefutika. Limebaki jicho moja la simba.

Utotoni nilimuuliza, mifuko hii ya nini?
Akanitembeza kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba.
Huu wa juu zinalala hundi, kadi ya mgongoni ikitangulia.
Huu wa chini ni wa daftari la salio; uchungu wote umo humu.
Kitanzi hiki cha kalamu
(kalamu yenyewe haikuwahi kushuka sikioni mwake).
Na hiki kipande cha plastiki kinachoning'inia,
kisichobeba kitu?

"Huo ulimi," akasema.
"Unauchomeka chini ya nakala ya hundi unayoiandika,
ili ya leo yasipenye hadi kwa kesho.
Ndio ulimi pekee ninaoujua
ulioajiriwa kunyamaza."

Mji ulimwita Shee Mkono wa Birika.
Misumari aliiuza kwa kuhesabu, si kwa fungu.
Na Aboud Shebwana, muuza rangi wa mlango wa pili,
hakumpa salamu miaka tisa,
kisa mfereji wa maji ya mvua.

Arubaini ilipopita nikalifungua jalada.
Hundi kumi na moja, tupu.
Tupu, isipokuwa nakala ya kwanza:
siku moja, labda macho yalishaingia ukungu,
aliusahau ulimi.
Kaboni imepenya, samawati,
hafifu kama mshipa wa kifundo cha mkono:
hospitali, kusafisha figo, A. Shebwana,
elfu kumi na nne, na ile sahihi yake ya kupinda.

Nikakimbilia daftari la salio.
Tarehe ile ile, kiasi kile kile,
na kwa mwandiko uleule wa bahili:
*misumari.*
Nikarudi nyuma mwezi baada ya mwezi.
Misumari. Misumari.
Miezi ishirini na sita ya misumari
ambayo hakuna aliyeigongomea popote.

Aboud alikuja mazikoni, akakaa ukingoni mwa mkeka.
Anajua? Sijui.
Jana alikuwa akipaka mlango wake kijani,
mkono una bandeji pale sindano huingia,
akaniuliza bei ya bawaba.

Bi Tima wa benki alicheka:
"Hundi, dunia ya leo? Si utume kwa simu?"
Simu hutaja jina la aliyetuma, nikamwambia.
Akaacha kucheka, akanipigia muhuri.

Kitabu kipya kina jina langu.
Kimeingia mfuko wa juu kwa shida kidogo,
ngozi imezoea umbo la marehemu.
Nimeandika hundi ya kwanza, ulimi ukiwa mahali pake,
nikafungua daftari kwenye mstari wa juu
na nikaandika:
misumari.