Futi Ishirini na Sita na Inchi Nne

Habari aliileta Suleyum wa geti la buluu
kabla kahawa haijamiminwa:
wanapendekeza ushuru kwa kila boti ya starehe,
riali kadhaa kwa futi, kwa mwaka,
na mashine zitahesabiwa mbali.
Bado ni pendekezo tu, akasema, akaokota tende ya tatu.

Mume wangu hakujibu.
Aliingia ndani, akafungua droo yangu ya nyuzi,
akatoka na futikamba ninayopimia mapazia.

Futikamba yenyewe ni ya inchi sitini.
Ikabidi nishike mimi ncha, huko omoni,
kidole kwenye rangi iliyobabuka,
yeye anatia alama ya chaki, anasogea,
anahesabu kwa Kiswahili
kama anavyohesabu kila kinachomuuma.

Ishirini na sita, na inchi nne.
Hizo inchi nne ni kile kikanyagio cha nyuma
cha kupandia mtu aliyekwisha kuogelea.
"Nitakikata," akasema Azzan.
"Nani kaogelea?"

Maana boti hii ina mwaka wa tano haijalowa
ila kwa mpira wa maji, siku za Ijumaa.
Aliinunua kwa kiinua mgongo,
miaka thelathini na moja jangwani
akilinda mabomba yasiyomjua jina.
Akaiita Shinuna, kwa mama yake
aliyefia Wete bila kuiona Maskati.
Safari tatu. Ya nne mgongo ukakataa,
mgongo uleule ulioinuliwa.

Tangu hapo imo uani, juu ya trela,
baina ya tangi la maji na mkunazi.
Paka wamezalia humo mara mbili.
Usiku yeye hupanda kwa ngazi ya kubadilishia balbu,
huketi nyuma ya usukani,
humpigia kijana wetu aliyeko Cardiff,
wakanyamaziana mpaka mmoja apige miayo.

Fomu ya maoni nikaijaza mimi.
Kiarabu chake ni cha msikitini na cha kazini;
changu kina cheti.
Urefu. Nguvu za farasi. Gati inapofungwa:
nikaandika, mkunazi.
Akanifutisha.
Matumizi: biashara, uvuvi, starehe.
Weka alama moja.

Kalamu ikasimama hapo.
Kwetu mtu akitaka kukuinukia
unamwahi kwa mkono: starehe, starehe,
yaani kaa, usijisumbue.
Basi na hii iliambiwa hivyo siku moja,
nayo, kwa adabu, imekaa.

"Kama tutalipa," nikasema, "tulipie kitu."

Jumamosi alfajiri tukaifungia gari mpaka pwani ya Sib.
Suleyum akaja kusukuma, nyusi zake juu.
Mashine ya kulia ikakohoa, ikaamka;
ya kushoto ikabaki na usingizi wake.
Tulifika nje kidogo tu ya mawe ya kuvunjia mawimbi.
Nikatapika.
Paka mmoja alikuwemo, hatukujua.

Azzan akazima mashine.
Maji yakawa yanagonga faiba, tok, tok,
kama mgeni asiye na hakika ya mlango.
Nilidhani atamtaja mama yake.
Akasema: "Pale kwenye kikanyagio, ukitaka kutia miguu."
Nikatia miguu.
Inchi nne. Kisigino, na nafasi ya kukigeuza.

Fomu ingali mezani, chini ya birika.
Mwisho wa kuipeleka ni Alhamisi.
Wanasema pendekezo halitapita; wanasema litapita;
Suleyum husema yote mawili, kwa kadiri ya tende.
Mimi nimeshaweka alama kwenye starehe, kwa wino,
na palipoandikwa Maelezo ya Ziada
nimeandika hivi:
kikanyagio kihesabuni.
Hatukikati.